Tangi Bila Daftari



Wanachama wetu wa magereji ya Gumbo na Sherikat, ng'ambo ya mto, wametuomba tuandike juu ya kazi ya kutengeneza matangi ya mafuta. Nanyi wenzetu wa viwandani na mashambani msiikunje karatasi mkisema habari hii si yenu. Nyuma ya kila kiwanda pana tangi la dizeli la jenereta, na katika kila shamba kubwa pana tangi la trekta. Yule kijana anayeitwa mbio aje azibe tangi linapovuja ni mfanyakazi kama wewe, na pengine ni mwanao.

Tuanze na jambo lililotupata wenyewe. Jina la marehemu hatutalitaja, kwa heshima ya mama yake. Gereji nayo hatutaitaja, kwa sababu shauri lile halikuamuliwa mahali popote.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Lori lilikuwa limeshusha petroli mjini, na likaletwa gereji kwa sababu mshono wa nyuma ulikuwa ukidondosha. Dereva alitaka kurudi Nimule kabla ya giza. Fundi aliyekuwa zamu ni kijana mwanachama wetu wa miezi sita, mwepesi wa mkono, aliyejifunza kuchomelea kwa kutazama wakubwa zake. Wenzake waliokuwa karibu walitusimulia maneno yaliyosemwa.

"Mzee, tangi hili limeoshwa?" kijana aliuliza.

"Limeoshwa. Tena ni tupu tangu asubuhi. Wewe ziba, mwenye gari anangoja," mwenye gereji akajibu.

Kijana akavaa miwani, akapanda, akagusisha kijiti kwenye chuma. Mlipuko ulisikika hadi ofisini kwetu. Yeye alifariki papo hapo. Utingo wa lori, aliyekuwa amesimama chini akimshikia waya, aliungua mikono yote miwili.

Wiki iliyofuata tulikwenda kudai haki ya marehemu. Tukakuta midomo mitatu na hadithi tatu. Mwenye gereji alisema alimwambia kijana asubiri, bali kijana alikuwa mkaidi. Dereva alisema alidhani gereji ndiyo huosha. Mwenye lori, kwa simu, alisema hakumtuma mtu yeyote kwenye gereji ile. Nasi tukaulizwa: ushahidi wenu uko wapi? Hatukuwa na hata kipande cha karatasi. Mama yake alipata pesa ya jeneza na gunia la unga, basi.

Tuseme kweli, maana chama kisichojisema hakiwezi kuwasema wengine. Tulikuwa tumepokea michango ya kijana yule miezi sita, na hatukuwahi hata siku moja kumwuliza: hapo kazini kwako tangi huoshwaje, na nani hulipima? Makala hii ni sehemu ya kulipa deni hilo.

TANGI TUPU SI TUPU

Kwanza tuelewe kilichomuua. Petroli yenyewe, ikiwa maji, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa, mvuke ukiwa kati ya sehemu 1 na nusu hivi na sehemu 7 na nusu hivi, cheche moja yatosha. Mvuke ukizidi hapo hauwaki kwa kukosa hewa, na ukipungua hapo hauwaki kwa uchache wake. Kwa hiyo tangi lililojaa petroli hadi juu lina nafasi ndogo ya kulipuka kuliko lile lililomiminwa asubuhi likabaki na unyevu. Tangi "tupu" ndilo lenye mchanganyiko unaouwa.

Chukua mfano. Chumba kimoja cha tangi chaweza kubeba lita 10,000. Likibaki tone hapa na tone pale, jumla yake lita moja tu, na yote ikageuka mvuke, chumba kizima kimekwisha kuwa bomu. Na lita moja hujificha kwa urahisi: chini ya kutu, ndani ya mshono, katika bomba la kutolea mafuta, nyuma ya mabamba yanayozuia mafuta kuyumba. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki kwa kufungua kifuniko cha juu na kuacha jua liingie. Hulala chini kama maji kisimani.

Wengine husema, "Sisi tunachomelea matangi ya dizeli tu, dizeli haina neno." Hilo nalo ni kosa. Ni kweli dizeli baridi haitoi mvuke mwingi. Lakini moto wa kuchomelea ukipasha bamba, dizeli iliyoganda upande wa ndani huchemka, ikatoa mvuke, na mvuke huo ukakutana na moto uleule uliouzaa. Wenzetu wa mashambani, pipa la dizeli linalokatwa kwa grenda ili liwe beseni la maji ni lilelile.

Basi kuna njia gani? Tangi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, au kwa mvuke wa maji, chumba baada ya chumba, pamoja na mabomba na vali zake. Kisha hupulizwa hewa safi. Kisha hupimwa kwa kipima gesi, juu, katikati na chini, na mshale lazima ukae kwenye sifuri. Kazi ikisimama kwa chakula au kwa mvua, hupimwa tena kabla ya kuendelea, maana jua likipasha chuma mabaki huanza kutoa mvuke upya. Pua si kipimo. Pua huzoea harufu kwa dakika chache, kisha hukudanganya.

Anayeingia ndani ana hatari ya pili. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100. Ndani ya tangi huweza kupungua pasipo kuona chochote. Mtu huanguka kimya, na mwenzake huingia kumwokoa naye akaanguka. Kwa hiyo mtu haingii bila hewa kupimwa, bila kamba kiunoni, na bila mwenzake kusimama mlangoni asiyeondoka kwa sababu yoyote.

WENZETU WA RELI HUFANYAJE?

Juba haina reli. Reli pekee iliyoingia nchi yetu ni ile ya kutoka Babanusa iliyofika Wau mwaka 1962. Hata hivyo tuna jambo la kujifunza reli, kwa sababu behewa la tangi na lori la tangi ni ndugu wa tumbo moja. Kabla ya bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi kufunguliwa mwaka 1978, mafuta ya bara yalipanda kwa mabehewa ya matangi. Leo mafuta yetu mengi hushushwa Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Eldoret, hupakiwa kwenye malori, yakapita Uganda na kuingia Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami iliyomalizika mwaka 2012. Nchi yetu huchimba mafuta ghafi na kuyasafirisha kwa bomba hadi Bahari ya Shamu, huku petroli ya kuendeshea pikipiki zetu ikitoka bahari nyingine juu ya magurudumu. Kwa hiyo kila siku matangi huingia mjini mwetu, na kila siku lipo moja linalohitaji fundi.

Nchini Marekani sheria haimruhusu mtu yeyote tu mwenye mashine ya kuchomelea kugusa behewa la tangi. Karakana inayoyajenga au kuyatengeneza lazima iwe na mpango wa kuhakikisha ubora wa kazi, nao uwe umeandikwa. Lengo lake ni mambo mawili: kugundua kosa kabla behewa halijatoka, na kuzuia kosa lilelile lisirudi. Tumeyasoma masharti yake na kuyaweka katika lugha ya gereji. Yako hivi:

Kwanza, iandikwe nani ana madaraka gani. Aliye mkuu wa ukaguzi ajulikane kwa jina na kazi yake, na mahali pake panapokutana na wanunuzi wa vifaa, mafundi na wapimaji paonyeshwe.

Pili, fundi apewe mchoro na maagizo ya mwisho yanayotumika, asipewe ya zamani wala ya kukumbuka kichwani.

Tatu, chuma na vifaa vinavyoingia vitambulike: ni bamba la aina gani, unene gani, limetoka wapi. Huku kwetu bamba hutolewa kwenye mabaki ya gari jingine. Tena malori mengi ya siku hizi yana matangi ya alumini, na alumini haichomelewi kwa vijiti vya chuma.

Nne, iandikwe jinsi kazi itakavyotengenezwa, itakavyokaguliwa na itakavyopimwa, na ni kiasi gani cha ubovu kitakachokataliwa. "Inaonekana nzuri" si kipimo.

Tano, kazi iangaliwe inapoendelea, isingoje kuisha. Mshono wa ndani ukishafunikwa na rangi, ni nani atauona?

Sita, kosa likionekana kuwe na njia ya kulirekebisha, nayo iandikwe.

Saba, wanaopima nyufa kwa mitambo wawe wamefundishwa na kuthibitishwa kwa kazi hiyo, na ijulikane ufa mdogo kabisa ambao njia yao yaweza kuuona.

Nane, vipimo vyenyewe vipimwe. Geji ya shinikizo iliyoanguka chini mara tano husema uongo kwa uso mkavu.

Tisa, kumbukumbu zote zihifadhiwe.

Kumi, wafanyakazi wafundishwe, na mafunzo ya kazi za hatari yarudiwe angalau kila baada ya miaka 3.

Huko Ulaya nako matangi hayangoji kuvuja. Behewa la tangi hufanyiwa ukaguzi mkubwa kila miaka 8 na mwingine wa katikati kila miaka 4. Tangi la lori hufanyiwa kila miaka 6 na kila miaka 3. Tarehe hupigwa muhuri kwenye kibati cha tangi lenyewe, mtu yeyote aisome.

Angalieni jambo moja, ndugu. Katika masharti yale kumi, ni machache yanayohitaji mitambo ya bei kubwa. Mengi yanahitaji kalamu, daftari, na mtu mwenye ujasiri wa kusema "bado".

TRENI YA LAC-MÉGANTIC

Pengine mtu atasema kwamba mambo ya kuandika ni ya wazungu wenye nafasi. Tumpe habari ya nchi tajiri mahali ambapo kazi ya karakana ilidharauliwa.

Usiku wa tarehe 6 Julai 2013, katika mji mdogo wa Lac-Mégantic nchini Kanada, treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliteremka mlima bila dereva, ikaingia katikati ya mji na kuacha reli. Watu 47 walikufa. Treni ile ilikuwa imeegeshwa mlimani na dereva aliyekuwa peke yake. Baada ya yeye kwenda kulala, injini iliwaka moto, wazima moto wakaizima, na injini ilipozimwa upepo wa breki ukapungua pole pole hadi treni ikaachia. Breki za mkono zilizofungwa zilikuwa chache mno kwa uzito ule.

Lakini kwa nini injini iliwaka? Wachunguzi wa serikali ya Kanada walieleza. Miezi minane kabla, mwezi Oktoba 2012, injini ile iliharibika. Matengenezo ya kawaida yangechukua muda na fedha nyingi, na treni ilikuwa ikihitajika kazini. Basi ikatengenezwa kwa gundi aina ya epoksi isiyokuwa na nguvu wala uimara uliotakiwa. Gundi ile ikaachia, mafuta ya injini yakavuja, moto ukaanza. Na mabehewa yenyewe yalikuwa ya aina dhaifu: kati ya 63 yaliyoanguka, karibu yote yaliharibika, na mengi yalipasuka vibaya.

Je, nani alipelekwa mahakamani kwa vifo vile? Dereva na wafanyakazi wenzake wawili ndio waliosimamishwa kizimbani kwa uzembe uliosababisha vifo. Mwezi Januari 2018 baraza la mahakama liliwaona hawana hatia, wote watatu. Lakini walikwisha kuishi miaka zaidi ya mitatu na jambo hilo shingoni. Na kumbukumbu za matengenezo na ripoti ya wachunguzi ndizo zilizouonyesha umma kwamba ajali ile ilikuwa na mizizi mingi, na kwamba mmoja ulianzia karakana, kwenye haraka ya kuirudisha injini barabarani.

Sasa linganisha na Ijumaa yetu. "Wewe ziba, mwenye gari anangoja." Ni neno lilelile, tofauti ni lugha tu. Huko Kanada pakawa na karatasi za kufuata nyuma. Hapa kwetu hapakuwa na kitu, na lawama ikabaki kwa marehemu asiyeweza kujibu.

BARABARA ZETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kuhesabu makaburi. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, lori la mafuta lilipinduka na watu zaidi ya 100 wakateketea. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, nchini Kongo, walikufa zaidi ya 200. Tarehe 16 Septemba 2015 zamu ilifika kwetu: huko Maridi lori la mafuta lilipata ajali, watu wakakusanyika kuchota, na zaidi ya 180 wakapotea. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa Morogoro, Tanzania, zaidi ya 100.

Hatusemi ajali hizo zilisababishwa na fundi mbaya. Watu walikufa kwa sababu ya umaskini uliowavuta kwenye mafuta yaliyomwagika, na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwazuia kwa wakati. Tunachosema ni hiki: lori likipinduka, kinachobakiza mafuta ndani ni vifuniko vya juu vinavyofunga sawasawa, vali ya chini inayojifunga yenyewe, na mishono isiyoachia. Vyote vitatu hupita mikononi mwa fundi wa gereji. Gasketi ya kifuniko iliyokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu, au vali iliyofungwa kwa waya ibaki wazi kwa sababu "inasumbua", haitaonekana siku ya kawaida. Itaonekana siku lori limelala ubavu, na watoto wanakuja mbio na madumu.

DAFTARI LA MZEE MMOJA

Katika magereji ya upande huu yuko mzee mmoja, fundi wa miaka mingi, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya mabehewa ng'ambo ya mpaka. Vijana humcheka kwa sababu ya daftari lake la shule lenye jalada la bluu, lililokaa mfukoni hadi likapinda. Kila tangi analoligusa huandika: tarehe, namba ya gari, lilibeba nini mwisho, nani aliliosha, kipimo cha gesi kilisema nini na saa ngapi, bamba la unene gani lilitumika, na nani aliyeagiza kazi. Kisha humwomba aliyeagiza atie sahihi. Akikataa sahihi, mzee huweka vifaa chini na kunywa chai.

Mwaka mmoja lori alilolitengeneza lilianza kuvuja njiani, na mwenye lori akaja na askari akidai fidia ya shehena nzima. Mzee alifungua daftari. Ikaonekana alichomelea chumba cha pili, na uvujaji ulikuwa chumba cha nne. Ikaonekana pia aliandika kwamba bamba la chumba cha nne limelika na kutu libadilishwe, na mwenye lori mwenyewe alitia sahihi chini ya maneno "itabadilishwa safari ijayo". Askari alisoma, akacheka, akaenda zake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejifunza kwamba hata roho ya mtu bila daftari hupotea bila habari.

Lakini tusiwapambie mambo. Mwaka uliofuata kijana mmoja aliyefundishwa na mzee huyo alikataa kuchomelea tangi lisilopimwa. Alifukuzwa jioni hiyohiyo. Chama kilikwenda na kurudi wiki tatu. Tulipata mshahara wake wa mwezi na barua ya kusema hakuiba chochote. Kazi hakurudishiwa. Leo yuko gereji nyingine, mzima, na mikono yake yote miwili. Yeye mwenyewe anasema hakushindwa. Sisi tunasema tulishinda nusu, na nusu iliyobaki ni ya kupigania pamoja. Mmoja akikataa hufukuzwa, lakini barabara nzima ikikataa, tangi litaoshwa.

UKIKATAA, SHERIA IKO WAPI?

Nchi yetu ilijiunga na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2012. Mkataba namba 155 wa shirika hilo, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kuna hatari kubwa ya karibu kwa maisha yake, alindwe asipate madhara yasiyostahili. Unasema pia kwamba mfanyakazi atoe taarifa mara moja kwa msimamizi wake, na hadi hatari itakapoondolewa mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi. Mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika uliamua kwamba mahali pa kazi palipo salama ni moja ya haki za msingi, na kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuiheshimu kwa sababu tu ya uanachama wake. Nasi tuna Sheria ya Kazi ya mwaka 2017. Kwa hiyo anayekataa kupanda juu ya tangi lisilopimwa asiitwe mkaidi. Anasimama juu ya haki.

Angalieni lakini neno "taarifa". Usiondoke kimya. Mwambie msimamizi mbele ya shahidi, andika saa na sababu, kisha ulete habari ofisini siku hiyohiyo.

TUNAYODAI

Kutokana na hayo yote, chama kinawaandikia wenye magereji, na kinawataka wanachama wote wayashike mambo haya:

1. Kila gereji inayogusa matangi iwe na daftari moja la matangi. Kwa kila kazi iandikwe namba ya gari, mafuta ya mwisho, aliyeosha, vipimo vya gesi na saa zake, kazi iliyofanyika, na sahihi mbili: ya fundi na ya aliyeagiza. Fundi abaki na nakala.

2. Kipima gesi kiwepo. Kama gereji moja haiwezi kukinunua, magereji matano yashirikiane, na kitunzwe na mtu mmoja aliyefundishwa, nacho kihakikiwe kwa wakati wake.

3. Anayepima asiwe anayelipwa kwa wingi wa malori. Hakimu wa tangi asiwe na haraka.

4. Baada ya matengenezo tangi lipimwe kwa maji, lisijazwe hewa ya kompresa kwa shinikizo kubwa. Maji hayabaniki, ufa ukifunguka shinikizo huanguka papo hapo. Hewa iliyobanwa hujilimbikiza nguvu, na tangi likipasuka huruka kama kombora.

5. Vijana wanaojifunza wasitumwe peke yao juu ya tangi wala ndani yake.

6. Fundi aliyekataa tangi lisilopimwa asikatwe mshahara wala kufukuzwa.

Kwenu wenzetu wa viwandani na mashambani, hamna haja ya kungoja barua yetu. Kesho asubuhi muulizeni msimamizi maswali matatu. Tangi letu la dizeli lilikaguliwa lini mwisho? Likivuja, nani huitwa, na nani hulipima kabla hajawasha moto? Imeandikwa wapi? Jibu la tatu likiwa "haijaandikwa", majibu mawili ya kwanza msiyaamini.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa. Daftari la shule na kalamu vinauzwa katika kila duka la Konyo Konyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta uliojengwa Ijumaa ile ni wa udongo, mrefu kama mtu. Mama yake hupita ofisini kwetu kila akienda sokoni. Husalimu, nasi huitikia. Bado hajatuuliza kitu, lakini siku atakapouliza, "Mmefanya nini tangu wakati ule?" hatuna budi tuwe na daftari la kumfungulia.

Madaftari ya mfano yako ofisini. Wanachama waje wachukue, na asiyejua kuandika aje na anayejua.

Umoja ni nguvu.